Mitetea Wamekomaa, Mayai Hakuna: Maswali Yenu ya Kuku Msimu wa Baridi

Mwezi huu barua tatu zimekuja, zote za yai la kwanza: mbili zinalia kwamba mitetea wamefika umri na hawatagi, na baridi ndiyo inayolaumiwa, ya tatu yai limekuja lakini la ajabu. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana humo ndani kuna mambo mengi ambayo wengi wenu mnaniulizaga mmoja mmoja.

SWALI: Habari yako dada, mimi ni msomaji wenu Mkenya, tunaishi nje kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mwisho wa mwezi wa saba tulinunua vifaranga sita, watatu Barred Rock wale wa madoa madoa na watatu Buff Orpington, tukawalea vizuri kabisa hakuna hata mmoja aliyekufa. Sasa tuko katikati ya Januari, ni wiki ya 25, wamekuwa wakubwa wanapendeza lakini yai hata moja hatujaona. Watoto wangu kila asubuhi kabla basi la shule halijafika wanatoka na tochi na majaketi kwenda kuangalia kiota, wanarudi wamenuna. Bado nawapa chakula cha kukuzia, na kwa sababu ya hii baridi nawaongezea bakuli kubwa la mahindi asubuhi na jioni ili wapate joto. Mama yangu Machakos nikimpigia simu ananiambia nimewanenepesha, niwachinje nianze upya. Mzee naye anataka kununua taa ya joto aifunge bandani. Maji yanaganda kila saa. Nifanye nini dada, ama nilidanganywa dukani?
*Mama Wanne, Minnesota*

JIBU: Pole mwenzangu, na hongera pia, kulea vifaranga sita wote wakafika ukubwani sio jambo dogo. Hukudanganywa na kuku wako hawana ugonjwa wowote ninaouona kwenye barua yako. Kisu kirudishe kabatini, mama nitamjibu hapo chini maana kuna mahali yuko sahihi.

Kitu kikubwa ni hiki, kuku anasubiri mwanga, hasubiri joto. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hili hatulijui kwa sababu nyumbani mchana ni masaa 12 mwaka mzima, jua linatoka saa kumi na mbili na nusu linaingia saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mwanga hatuuhesabu, tunahesabu umri wa kuku na chakula basi. Huko kwenu Minneapolis tarehe 21 Desemba jua linachomoza karibu saa mbili kasoro asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, mchana mzima haufiki hata masaa 9. Kuku anahitaji kama masaa 14 ya mwanga kwa siku ili atage vizuri. Sasa ona pengo hilo.

Na mwanga wenyewe hauingii kwa macho tu. Unapenya manyoya na mfupa wa fuvu unafika kwenye ubongo, huko ndiko kuna sehemu inayohesabu urefu wa mchana, hata kuku kipofu mchana ukirefuka mwili wake unajua. Ubongo ukishaona mchana unarefuka unatuma homoni, mayai madogo madogo yaliyolala tumboni yanaanza kukua. Mchana ukifupika unasema ngoja kwanza. Ni busara ya ndege yeyote wa nchi zenye baridi, kifaranga akitotolewa Desemba atakula nini, wadudu hakuna, majani hakuna, kwa hiyo mama yake anasubiri hadi majira yageuke.

Nilipokuwa naishi Leeds, Uingereza, nilikuwa na mitetea wanne kwenye kiwanja cha bustani cha kukodi. Niliwasubiri tangu Novemba, kila siku naenda nafunua kiota natazama narudi, Krismasi ikapita, Januari ikapita. Yai la kwanza likaja wiki ya pili ya Februari, na siku hiyo hali ya hewa ilikuwa mbaya kuliko Desemba yote, theluji imejaa mpaka mlango wa banda niliusukuma kwa bega. Ndipo nilipoelewa kwa moyo wangu kwamba lile joto nililokuwa nalingoja halikuhusika kabisa, ni siku tu zilikuwa zimeanza kurefuka na wale kuku walijua kabla yangu.

Halafu kuna suala la tarehe ya kuzaliwa. Kifaranga aliyetotolewa Machi au Aprili anafikisha umri wa kutaga mwezi wa nane au wa tisa, mwanga bado upo, anaanza, na akishaanza mara nyingi anaendelea kutaga baridi yote ya kwanza kwa sababu kule kunyonyoka manyoya ya kikubwa na kuota mapya, ambako humsimamisha kuku kutaga, hakumpati mpaka afikishe kama mwaka mmoja na nusu hivi. Wako wa Julai wamekomaa wakati mlango umeshafungwa. Wangekuwa wale chotara wa biashara, wa kahawia wanaoanza wiki ya 18 mpaka 20, pengine wangeponyoka wakaanza Desemba hata kwa mwanga mdogo. Lakini Barred Rock na hasa Orpington ni kuku wazito, hawana haraka, Orpington kufika wiki ya 28 hajataga ni kawaida kabisa hata pasipo baridi.

Kabla sijafika kwenye taa, nenda kawaangalie wenyewe, usiangalie kiota tu. Upanga wa kichwani na ndevu zake zikiwa bado ndogo na rangi yake imefifia, huyo bado. Zikianza kuvimba na kuwa nyekundu nyekundu kama pilipili, amekaribia, ni suala la wiki mbili tatu. Ukimwekea mkono mgongoni akachuchumaa na kutandaza mabawa kidogo, huyo yuko mlangoni kabisa, watoto wako wataipenda sana hiyo dalili wafundishe. Ya uhakika zaidi ni kumshika jioni akiwa amelala, pima kwa vidole mifupa miwili iliyo pande zote za tundu la nyuma, kama kidole kimoja tu ndicho kinapita katikati bado, vikipita viwili au vitatu yai liko njiani. Na kama kuna mmoja upanga wake umekuwa mkubwa mapema kuliko wenzake na manyoya ya kiunoni ni membamba yenye ncha, samahani dada, huyo anaweza kuwa jogoo.

Sasa taa. Ukitaka unaweza kuwawashia, wako tayari maana wamefika umri na uzito, ningekukataza tu kama wangekuwa chini ya wiki 16, mtetea akisukumwa kabla mwili haujakomaa anataga vijiyai vidogo na anaweza kutokwa nyama kwa nyuma wakati wa kutaga, hiyo inaua. Balbu moja ya LED ya mwanga wa njano njano, nguvu sawa na ile ya zamani ya wati 40, inatosha banda dogo, kipimo chake ni kama unaweza kusoma gazeti ukisimama kwenye chombo cha chakula. Nunua taima, usitegemee kukumbuka. Na uongeze mwanga asubuhi, sio jioni. Mimi Leeds mwaka wa pili niliongeza jioni, taa ikazima ghafla saa tatu usiku kuku wawili wakiwa bado chini wanakula, kuku gizani haoni kitu, wakalala sakafuni kwenye baridi na mmoja aliumia mguu akijaribu kuruka. Asubuhi taa inawaamsha, jioni wanaingia wenyewe na giza la Mungu. Anza na saa kumi na mbili alfajiri wiki ya kwanza, halafu kila wiki irudishe nyuma nusu saa au saa moja mpaka ufikie masaa 14 ukijumlisha na mchana wenyewe, jioni zikirefuka unaisogeza mbele tena. Ukishaanza usiache katikati, siku chache za giza zinatosha kuwavuruga, hata aliyeanza anaweza kusimama.

Lakini ukiniuliza mimi, kwa kuku sita wa watoto wa nyumbani, nisingewasha. Mwisho wa Februari mchana wenu utakuwa umepita masaa 11 na kila siku unaongezeka dakika kama tatu, na kuku anajali sana ule mwelekeo wa kuongezeka sio idadi ya masaa peke yake. Nategemea Barred Rock mmoja atakuanzia hapo kati ya mwisho wa Februari na Machi. Mwenye kuuza mayai na ana deni la chakula awashe, sina ugomvi naye.

Kitu ambacho kweli naomba ubadilishe leo ni mahindi. Hapa mama yako ana hoja. Mahindi yana protini asilimia 8 au 9 tu na mtetea anayejiandaa kutaga anahitaji kama asilimia 16, sasa kuku akishiba bakuli la mahindi asubuhi hali tena chakula chake, anapata mafuta tumboni na hapati kinachotengeneza yai. Wape chakula chao kamili mchana kutwa wale wanavyotaka, mahindi yawe ngumi moja au mbili kwa wote sita, jioni kabla hawajapanda kulala, yanameng'enywa usiku na kuwapa joto. Na kwa umri huo anza kuwahamisha kwenye chakula cha kutagia taratibu kwa kuchanganya wiki nzima. Au baki na cha kukuzia lakini weka chombo kando chenye maganda ya chaza yaliyosagwa, kila mmoja atachukua mwenyewe kwa kadiri mwili wake unavyomwambia. Ganda la yai moja linabeba kama gramu 2 za kalsiamu na kuku anaanza kuihifadhi kwenye mifupa yake karibu wiki mbili kabla ya yai la kwanza, asipoipata chakulani ataikopa mwilini.

Maji ndiyo ya pili. Yai karibu robo tatu yake ni maji, kuku aliyekaa nusu siku mbele ya barafu hatagi hata umuwashie taa tano. Kuna vile vitako vya umeme vya kuwekea chombo cha maji, kimoja kinatosha, au uwabadilishie maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa siku watoto wakusaidie.

Na hiyo taa ya joto, mwambie Mzee kwa heshima zote asiinunue. Mabanda yanaungua kila baridi kwa ajili ya hizo taa, kuna vumbi, kuna majani makavu, kuna manyoya, kuku mmoja akiirukia imeanguka. Kuku wako ni wa baridi kwa asili yao, Plymouth Rock, ndio ukoo wa hao Barred Rock wako, ametokea Massachusetts na Orpington ametokea Kent kule Uingereza mwaka 1886, huyo jaketi lake amezaliwa nalo. Kinachomuumiza ni unyevu na upepo unaompiga usiku. Weka maranda au majani makavu mengi sakafuni, acha matundu ya hewa juu karibu na paa, juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala, na ukiingia asubuhi ukakuta dirisha linatiririka maji kwa ndani au pua inawasha ujue hewa haitoki, huo unyevu ndio unaogandisha upanga ukawa mweusi nchani. Ubao wa kulalia uwe wa bapa na mpana ili kuku akikaa manyoya yafunike vidole vyote.

Weka mayai mawili ya mbao au mipira ya gofu kwenye kiota wajue mahali. Na yai likija liokoteni mapema, kwa baridi yenu likikaa masaa machache linapasuka kwa kuganda, watoto watalia.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana mfugaji wa Makete, Njombe. Nina mitetea chotara 60, walifikisha miezi sita mwezi Juni na huku kwetu Juni na Julai ni baridi hasa, asubuhi kuna siku unakuta majani yameota barafu nyeupe. Hawakutaga mpaka Septemba. Majirani wanasema baridi inafunga yai na hakuna dawa. Nilifunika banda lote kwa maturubai ili wasipigwe baridi na nilikuwa nawafungulia saa tatu jua likishapanda, nawafungia saa kumi kabla ukungu haujashuka. Mwaka huu nimeingiza wengine, sitaki yajirudie.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na nashukuru umeeleza mpaka masaa ya kufungulia, umenirahisishia kazi.

Makete hata siku fupi kuliko zote, mwezi Juni, mchana wake ni masaa 11 na nusu hivi, tofauti na Desemba ni saa moja na kidogo. Kwa mwanga wa nje hakukuwa na sababu ya kusubiri mpaka Septemba. Sasa hesabu wewe mwenyewe, umefungua saa tatu umefunga saa kumi, hayo ni masaa 7, na banda liko ndani ya turubai hakupenyi kitu. Umewapa mchana mfupi kuliko wa dada yako wa Minnesota kwenye barua ya juu. Nimeona mabanda ya hivyo mengi nyanda za juu, Limuru pia yapo, mfugaji ana nia njema kabisa anaziba kila tundu kwa huruma, kuku wanakaa gizani miezi mitatu halafu lawama zinaenda kwa baridi.

Ziba upande wa upepo tu na uzibe nusu ya chini, ile wanayolala. Juu acha wavu. Kwenye paa toa bati moja au mawili uweke yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, yanauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hiyo peke yake itabadilisha banda. Hata kama nje ukungu umejaa na hutaki watoke, ndani kuwe kweupe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka jioni. Kwa kuku 60 ambao ni biashara, mimi ningeongeza na taa ya sola alfajiri, iwake saa kumi usiku mpaka kunapambazuka, uanze wakishafika wiki ya 20 na kidogo, sio kabla, na uongeze pole pole kama nilivyomwelekeza huyo dada.

Baridi nayo ina sehemu yake sikatai, inakula chakula. Kuku anayetetemeka usiku anatumia chakula kujipasha joto, kinachobaki ndicho cha yai, na kama wanategemea pumba na majani wanayookota hakibaki kitu. Juni na Julai waongezee, na hakikisha kuna protini humo, mashudu ya alizeti, dagaa, soya iliyokaangwa. Wape dawa ya minyoo kabla hawajaanza kutaga, na usiku mmoja pita na tochi ukague chini ya fito za kulalia kama kuna utitiri, wale wadudu wananyonya damu gizani na mchana huwaoni, kuku ukimwona upanga umepauka ukadhani bado mdogo kumbe ananyonywa.

Chotara wengi wanaanza kati ya miezi mitano na sita, kienyeji halisi anaweza kufika saba hata nane. Wako wapya uwaandikie tarehe ukutani.

SWALI: Dada samahani swali langu ni dogo tu. Niko Leicester, mtetea wangu ametaga jana yai la kwanza kabisa baada ya kusubiri tangu Novemba, lakini ni dogo kama la njiwa, nimelivunja ndani hakuna kiini. Leo ametaga lingine halina ganda, ni laini kama mfuko. Ni mgonjwa? Nimwite daktari wa mifugo?

JIBU: Hapana, usimwite bado. Mwili wake ndio unajifunza kazi, mashine yote ya kutaga inaanza kwa mara ya kwanza na mara nyingine vipande vinaondoka kabla havijakutana, unapata yai lisilo na kiini, lisilo na ganda, hata lenye viini viwili. Ganda peke yake linachukua kama masaa 20 kutengenezwa, likiharakishwa kidogo ndio unapata huo mfuko. Mwekee maganda ya chaza kando, usimshtueshtue, usimhamishe banda wiki hizi mbili. Lile laini liokote haraka asije akalionja, kuku akijua ladha ya yai kumwachisha ni kazi. Yakiendelea kuwa laini zaidi ya wiki tatu, au ukimwona anajikunja, mkia umeshuka, anasukuma na hakitoki kitu, hapo mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.